Mwanasesere Mdogo, Tamaa Kubwa

(Mazungumzo haya yalitolewa na mwelimishaji wetu wa afya mbele ya wanafunzi wa sekondari. Tunayachapisha kwa ajili yako wewe ambaye hukuwepo.)

 

Najua mkisikia mtu wa afya amekuja shuleni, mnajua tayari atakachosema. Atasema UKIMWI, atasema mimba, atasema dawa za kulevya, atagawa vipeperushi, ataondoka. Leo nina habari tofauti kidogo. Nataka tuzungumze juu ya wanasesere.

Naam, wanasesere. Midoli. Msicheke kwanza. Nyuma pale naona kaka mmoja ameshaanza kusinzia, anasema moyoni, "Haya ni mambo ya wasichana wadogo." Subiri kidogo, kaka. Kabla sijamaliza utaona kwamba nazungumza juu ya viatu vyako, simu unayoitamani, na pesa zilizopo mfukoni mwako, au zisizokuwepo.

SASA NI WANASESERE GANI HAO?

Shika bega lako, kisha zungusha mkono. Umeona unavyokwenda mbele, nyuma, juu, chini? Ndani ya bega kuna mfupa wenye kichwa cha mviringo kama gololi, na gololi hiyo imekaa kwenye kikombe chake. Nyonga yako iko hivyo hivyo. Sasa, wako wanasesere waliotengenezwa kwa mtindo huo huo. Kila kiungo chao, yaani bega, kiwiko, nyonga na goti, ni gololi iliyokaa kwenye kikombe. Mwili ni wazi ndani kama mwanzi, na ndani yake inapita kamba ya lastiki inayovuta viungo vyote pamoja. Ukimkunja mkono, unabaki ulivyouacha. Ukimkalisha, anakaa. Tuwaite wanasesere wa viungo vya gololi.

Mtindo wenyewe si mpya. Ujerumani na Ufaransa walikuwa wanatengeneza wanasesere wa viungo vya gololi tangu karne ya 19. Lakini shauku ya siku hizi ilianzia Japani. Mwaka 1999 kampuni ya Volks ya mji wa Kyoto ilitoa mwanasesere aliyeitwa Super Dollfie, mwenye urefu wa karibu sentimita 60. Hakuwa wa plastiki nyepesi ya dukani. Alikuwa wa rezini, plastiki nzito inayomiminwa kwenye kalibu ikiwa majimaji, halafu inaganda. Baada ya muda makampuni ya Korea Kusini yakaingia, na baadaye ya China.

Wakorea ndio walioshika sana upande wa wadogo. Kampuni ya Latidoll ina mwanasesere anayeitwa Lati Yellow, mwenye sentimita kama 16. Kampuni ya Fairyland ikatoa PukiPuki, wa sentimita kama 11. Chukua kalamu yako ya wino ipime. PukiPuki ni mfupi kuliko kalamu hiyo. Lakini ana viungo vyote: anakunja goti, anageuza shingo, anakaa kwenye kiganja chako akiwa amekunja miguu. Bei yake sasa! Mwanasesere mdogo wa aina hii hufika dola 100 na zaidi, na wako wanaozidi hapo mara kadhaa. Wanaonunua si watoto. Ni watu wazima, wenye kazi zao, wake kwa waume.

Hapo najua mnasema, "Hao wana wazimu." Hawana. Na mimi sikuja hapa kumcheka mtu. Nimekuja kuuliza swali moja tu: kwa nini mwanasesere fulani anapendwa na maelfu ya watu, na mwenzake wa jirani, mzuri vile vile, anabaki kwenye rafu? Ukilijua jibu la swali hilo, umejua kitu kikubwa juu ya akili yako mwenyewe.

SABABU YA KWANZA: SURA YA MTOTO MCHANGA

Tazameni kichwa cha mwanasesere mdogo. Ni kikubwa kuliko kawaida. Macho makubwa, yako chini kidogo usoni. Paji la uso pana, mashavu manene, pua ndogo, kidevu hakipo. Ni nani mwingine ana sura hiyo? Mtoto mchanga! Mwaka 1943 mtaalamu wa tabia za viumbe, Konrad Lorenz, aliandika kwamba sura ya namna hiyo huamsha ndani ya binadamu hamu ya kulea. Ndiyo maana unamwona mbwa mdogo, unasema "jamani!" hata kama mbwa wenyewe huwapendi.

Wachongaji wanalijua hilo. Kadiri mwanasesere anavyokuwa mdogo, ndivyo wanavyomkuza kichwa na macho. Si ajabu basi kwamba mkono unakwenda wenyewe kumshika.

Na msifikiri hili ni jambo la Wajapani na Wakorea peke yao. Hapa pwani ya Tanzania Wazaramo wana mwana hiti, mwanasesere mdogo wa mti aliyechongwa bila mikono, ambaye mwali alikuwa akipewa amtunze wakati yuko ndani. Leo mwana hiti wanakaa kwenye makumbusho za Ulaya na Marekani, na wako watu wanaowakusanya. Kwa hiyo mwanasesere wa kutunzwa na mtu aliyekwishavuka utoto si kitu kigeni kwetu.

SABABU YA PILI: MKONO WAKO UMO NDANI YAKE

Mwanasesere wa viungo vya gololi anaweza kubadilishwa karibu kila kitu. Kichwa kinafunguka kwa nyuma; unatoa macho ya kahawia, unaweka ya kijani. Unavua wigi, unavisha jingine. Wengi huagiza uso usiopakwa rangi kabisa, halafu wanachora wenyewe nyusi, midomo na wekundu wa mashavu kwa brashi nyembamba kama unywele. Wanashona nguo. Kwa mwanasesere wa sentimita 11, kipande cha kitambaa ambacho fundi cherehani angekitupa kinatosha gauni zima.

Mtu akishatia jasho lake kwenye kitu, kinakuwa chake kweli kweli. Watafiti watatu, Norton, Mochon na Ariely, walichapisha jambo hili mwaka 2012. Waliwapa watu karatasi wakunje maumbo ya vyura na korongo. Wakunjaji walikuwa wanaanza tu kujifunza, na kazi zao zilikuwa za ovyo. Lakini walipoulizwa wangelipa kiasi gani, walizithamini karibu sawa na kazi za mafundi hodari. Watu wengine waliozitazama hawakuona thamani hiyo.

Hii ndiyo sehemu nzuri ya shughuli hii, na nawaambia wazi. Mtu anayekaa jioni akishona, akipaka rangi, akibadilishana ujuzi na wenzake, anapumzisha akili. Afya ya akili inataka mambo kama hayo. Kama wewe unachonga, unafuma, au unatengeneza gari la waya, usikubali mtu akuambie ni utoto.

Ila kuna tahadhari moja ya kiafya. Rezini ikipigwa msasa inatoa vumbi laini sana, na vumbi hilo si la kuvutwa mapafuni. Wenye kujua hupiga msasa huku wakilowesha kwa maji, na huvaa barakoa. Ukienda kwa fundi seremala au fundi wa kupaka magari rangi wakati wa likizo, kumbuka hilo hilo: mapafu hayana spea.

SABABU YA TATU: VIKO VICHACHE

Kalibu ya silikoni inayotumika kumimina rezini inachakaa haraka. Inatoa vipande makumi tu, halafu lazima itengenezwe nyingine. Kazi nyingi ni ya mikono. Kwa hiyo mara nyingi unaagiza, unalipa, halafu unangoja miezi. Huo ni uchache wa kweli.

Lakini upo pia uchache wa kutengenezwa. Kampuni inatangaza: mwanasesere huyu ni wa toleo maalumu, mlango utafungwa tarehe fulani, hatarudi tena. Volks wana maonyesho yao ambapo wanasesere wengine huuzwa kwa kupigiwa kura ya bahati. Hununui mwanasesere, kwanza unaomba bahati ya kuruhusiwa kumnunua!

Mnaona ujanja? Mwaka 1975 mtafiti Stephen Worchel na wenzake walifanya jaribio rahisi sana. Watu walipewa biskuti waonje. Wengine walitolewa biskuti kwenye chupa yenye biskuti 10, wengine kwenye chupa yenye biskuti 2 tu. Biskuti zilikuwa zile zile. Waliopewa kutoka chupa yenye mbili walisema biskuti zile ni za kutamanika zaidi na za bei ya juu zaidi. Je, walisema ni tamu zaidi? Hapana! Utamu ulikuwa ule ule. Kilichozidi ni hamu.

Naomba muandike hilo kwenye daftari. Uchache unaongeza hamu, hauongezi utamu.

SABABU YA NNE: WENZANGU WANAPENDA

Sasa tunafika kwenye swali letu lenyewe. Tuchukue wanasesere wawili, wote wazuri, wote wachache, wote wana macho makubwa. Kwa nini mmoja anavuma na mwingine hapana?

Jibu linauma kidogo. Mara nyingi ni bahati, halafu watu kufuatana.

Mwaka 2006 watafiti Salganik, Dodds na Watts walichapisha jaribio la nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Watu zaidi ya 14,000 walishiriki kwa intaneti. Waligawanywa. Kundi moja lilisikiliza bila kujua wengine wamechagua nini. Waliobaki waligawanywa katika makundi manane, na kila mmoja aliona idadi ya waliochukua kila wimbo ndani ya kundi lake tu. Kama ubora peke yake ndio unaoamua, basi nyimbo zile zile zingeongoza kila mahali, si ndiyo? Haikuwa hivyo. Wimbo uliopata wapenzi wachache mapema katika kundi moja ulipaa. Katika kundi jingine wimbo huo huo ulikaa chini. Nyimbo mbovu kabisa hazikushinda kirahisi, na nzuri kabisa hazikuzama kirahisi. Lakini hapo katikati, yaani kwa nyimbo nyingi, ilikuwa ni nani amepata kusukumwa kwanza.

Wanasesere nao ni hivyo. Mtu mmoja mwenye wafuasi anapiga picha nzuri ya mwanasesere wake juu ya jani la mgomba. Watu kumi wanauliza, "Huyu ni wa kampuni gani?" Kesho watu mia. Keshokutwa ameisha, na kwa kuwa ameisha, anatafutwa zaidi.

Mfano wa karibuni mnaujua ninyi kuliko mimi. Labubu! Yule mwenye masikio ya sungura na meno kama msumeno. Huyu si wa viungo vya gololi, ni wa manyoya na uso wa plastiki, lakini hadithi ni moja. Msanii Kasing Lung alimchora mwaka 2015. Kampuni ya Pop Mart ya China ilianza kumuuza mwaka 2019. Miaka ikapita, alikuwa mdoli mmoja kati ya midoli mingi. Mwaka 2024 Lisa, mwimbaji wa kundi la Blackpink, akaonekana na Labubu kwenye mkoba wake. Mwaka 2025 watu walikuwa wanasukumana madukani, hata Pop Mart wakasimamisha kwa muda kumuuza kwenye maduka yao ya Uingereza. Juni 2025 Labubu mmoja mwenye kimo cha mtu aliuzwa kwenye mnada Beijing kwa yuan zaidi ya milioni moja.

Jiulize: meno yake yalibadilika kati ya 2019 na 2024? Hayakubadilika. Tuliobadilika ni sisi.

SABABU YA TANO: PATA POTEA

Mnaukumbuka mchezo wa pata potea pale stendi? Karata tatu, mtu ana mikono myepesi, wewe unaweka pesa. Sasa fikirieni boksi dogo zuri lililofungwa. Ndani kuna mwanasesere, lakini hujui yupi. Labda unayemtaka, labda ambaye unao wawili tayari nyumbani. Labubu wengi wanauzwa hivyo, na siku hizi hata wanasesere wadogo wa viungo vya gololi wanauzwa kwenye maboksi ya namna hiyo.

Katika baadhi ya seti za Labubu yumo mmoja wa siri, na kampuni yenyewe imetangaza kwamba anapatikana mara moja katika maboksi 72. Tufanye hesabu kidogo, maana najua hapa wapo wa kidato cha nne. Tuseme boksi ni dola 20, na kila boksi linachaguliwa kivyake. Ukinunua maboksi 72 umetumia dola 1,440. Je, umempata wa siri? Siyo lazima! Uwezekano wa kumkosa kwenye boksi moja ni 71 kwa 72. Zidisha hiyo kwa yenyewe mara 72. Utapata kama 0.37. Maana yake, katika watu 100 watakaonunua maboksi 72 kila mmoja, watu kama 37 watarudi nyumbani bila yule wa siri. Na maboksi 72 sebuleni.

Sasa kwa nini mtu anaendelea? Hapa tuingie kwenye ubongo. Katika miaka ya 1990 mtaalamu Wolfram Schultz na wenzake walichunguza seli za ubongo wa tumbili zinazotoa kemikali iitwayo dopamini. Tumbili akipata maji ya matunda bila kutegemea, seli zile zinaruka kwa nguvu. Akishazoea kwamba taa ikiwaka maji yanakuja, seli haziruki tena kwa maji; zinaruka kwa taa. Kwa maneno mengine, ubongo unachangamkia ile dalili kwamba kitu kizuri kinakuja, na unachangamka zaidi pale ambapo hauna uhakika.

Ndiyo maana raha kubwa ya boksi ni kabla halijafunguliwa. Likishafunguliwa, raha inashuka, mkono unatafuta jingine. Kamari imejengwa juu ya kitu hicho hicho. Kubeti mpira kwenye simu, hicho hicho. Kule China serikali iliona hatari, na mwaka 2023 ikatoa mwongozo kwamba maboksi haya yasiuzwe kwa watoto wa chini ya miaka minane.

Na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosema "subiri, fikiri kwanza," haimalizi kukomaa mpaka mtu amepita miaka 20 na kidogo. Sisemi hivyo kuwadharau. Nasema ili mjue kwamba wafanyabiashara wanajua.

TAMAA INAPOPOROMOKA

Je, kitu kinachovuma kinabaki na thamani? Wako wanaosema, "Dada, hii ni akiba, nitauza baadaye kwa faida." Sikiliza habari ya Beanie Babies. Hawa walikuwa wanyama wadogo wa kitambaa, wameshindiliwa punje za plastiki. Kampuni ya Ty ya Marekani iliwatoa mwaka 1993, na dukani walikuwa kama dola 5. Ujanja wa kampuni ulikuwa kutangaza kwamba mnyama fulani "amestaafu," hatengenezwi tena. Watu wakapagawa. Wengine walilipa mamia ya dola kwa mnyama mmoja. Wako waliosema watasomesha watoto kwa wanyama hao. Mwaka 1999 kampuni ikatangaza kwamba mwisho wa mwaka wote wangestaafu. Haukupita muda mrefu, bei zikaanguka. Wengi walibaki na makasha ya wanyama wa kitambaa, na watoto wanasubiri ada.

Kuwaachia nako ni kazi. Mwaka 1990 Kahneman, Knetsch na Thaler walichapisha jaribio la vikombe. Wanafunzi wengine walipewa kikombe kila mmoja, wengine hawakupewa. Waliokuwa nacho walitaka bei karibu mara mbili ya ile ambayo wasio nacho walikuwa tayari kutoa. Kitu kikishakuwa mkononi mwako, macho yako yanakiona kikubwa.

DADA, SISI TUNAHUSIKAJE?

Hilo ndilo swali nililokuwa nalingoja. Wengi wenu hamjawahi kumshika PukiPuki, na pengine hamtamshika. Sawa. Lakini zile sababu tano, je, hazipo hapa shuleni?

Kiatu cha aina moja ambacho "kila mtu" anacho. Hesabu vizuri: kila mtu ni watu wangapi? Simu ambayo imetoka juzi na eti zimebaki chache. Nywele ambazo msanii fulani alisukwa. Mechi ya kubeti ambayo leo "lazima itoe." Sura, mkono, uchache, wenzangu, na pata potea. Mtambo ni ule ule.

Na sasa niseme kilichonileta. Katika kazi yetu tunakaa na vijana, tunazungumza faragha. Msichana anapotuambia jinsi alivyoingia kwenye uhusiano na mtu aliyemzidi umri sana, mara nyingi habari haianzii kwenye mapenzi. Inaanzia kwenye kitu. Simu. Pesa ya saluni. Viatu. Alikitaka sana, akaona wenzake wanacho, akaona aibu. Akatokea mtu mwenye mshiko, mpole, akasema, "Kitu kidogo tu hicho." Baadaye kidogo, yule mtu akadai chake. Na msichana aliyekwisha kupokea anaona hana mdomo wa kusema hapana, hana mdomo wa kusema tutumie kondomu. Wavulana nanyi msijitoe. Wako wanaoiba pesa ya ada kubeti, na wako wanaopokea vitu kwa watu wazima na kulipa kwa namna ambayo hawathubutu kumwambia mtu.

Vijana wenzangu, sikilizeni. Mtu anayejua unatamani nini ameshika kamba ya lastiki iliyo ndani yako. Akivuta, viungo vyote vinakwenda. Lakini wewe siyo mwanasesere. Wewe unaweza kuuliza kamba hiyo imefungwa na nani.

Na kama mmoja wenu tayari yuko kwenye hali hiyo, simlaumu. Kupokea zawadi hakukufanyi uwe mali ya mtu. Deni la mwili halipo. Unaweza kusema hapana leo hata kama jana ulisema ndiyo. Tafuta mtu mzima unayemwamini: mama, shangazi, mwalimu wa malezi, muuguzi wa zahanati. Kama kuna hatari ya maambukizi au mimba, nenda kituo cha afya mapema, siku ile ile kama inawezekana. Dawa za kuzuia VVU baada ya tukio zinapaswa kuanza ndani ya saa 72. Usikae na siri mpaka muda upite.

MASWALI MATANO KABLA HUJASEMA "NAKITAKA"

Haya yaandikeni.

1. Ningekitaka kama nisingemwona mtu mwingine nacho?

2. Ni kichache kweli, au nimeambiwa ni kichache?

3. Ninachokipenda ni kitu chenyewe, au ni ile hamu ya kukingoja?

4. Mwezi ujao nitakuwa ninakitumia, au nitakuwa ninatafuta kingine?

5. Nani atalipa, na atataka nini?

Swali la tano ndilo kubwa. Kama jibu la swali hilo linakufanya uangalie chini, basi hicho kitu ni ghali kuliko PukiPuki.

Sikusema msitamani. Kijana asiyetamani kitu ni mgonjwa, tumpeleke hospitali! Tamani. Ila uwe wewe unayetamani, usiwe unatamanishwa tu. Yule mama wa Kyoto au wa Seoul aliyejiwekea akiba ya mshahara wake mwaka mzima, akanunua mwanasesere mmoja, akamshonea gauni mwenyewe, na kila akimtazama anafurahi, mimi sina neno naye. Alichagua, akalipa, na hakuna anayemdai.

Kazi ya nyumbani: wiki hii, kila mmoja atafute kitu kimoja anachokitamani sana, akipitishe kwenye maswali matano. Msimwonyeshe mtu majibu. Halafu wale wenye mikono, tengenezeni mwanasesere wa viungo vya gololi. Udongo wa mfinyanzi upo, lastiki ya nguo kuukuu ipo. Finyangeni gololi na vikombe vyake, toboeni tundu la lastiki kabla udongo haujakauka. Mkipiga msasa, loweni maji na mzibe pua. Mkimaliza mtakuwa mmejifunza kiungo cha nyonga kuliko kwenye picha ya kitabu, na mtakuwa na kitu ambacho hakuna duka linacho.

 Sasa, maswali. Na wewe kaka wa nyuma, naona umeamka. Tuanze na wewe.